Sifuri Katikati ya Wasia

Bi Atuganile hakuja Nyumba ya Wasia kulalamika. Alikuja kuuliza kitambaa chake kimekwenda wapi, na kwa kuwa alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, alikuja na futi yake shingoni.

"Shikamoo, mama," Subilaga alimwamkia, akisogeza pembeni bakuli la ndizi alilokuwa akila.

"Marahaba, fundi. Kula tu, sina haraka." Akakaa, akaweka mkoba wa ukili juu ya magoti. "Nina swali la kijinga. Mtu akikuletea mita sita za kitenge umshonee, siku ya kuchukua akakuta kigauni cha mtoto mchanga, atakuuliza nini?"

"Ataniuliza kilichobaki kiko wapi."

"Basi." Akafungua mkoba, akatoa rundo la karatasi lililofungwa kwa utepe mweusi, akaliweka mezani kando ya ndizi. "Mume wangu huyu."

Subilaga alirudisha kiti nyuma. Karatasi za marehemu, zenye sauti ya wasia wake, si kitu cha kutembezwa mkobani. Hukunjwa siku ya msiba, zikatiwa sandukuni chini ya nguo, zikakaa humo mpaka walio hai nao wafe. Watu wa mji wao, Mbaka Juu, walisema kuzikunjua ni kumfukua mtu, na mtu mzima aliyelelewa vizuri hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Usinitazame hivyo, mwanangu. Bati langu linavuja. Mvua ya juzi imeingia mpaka sandukuni, ningemwacha aoze? Nikamwanika kwenye kamba jikoni, karatasi moja moja. Jirani yangu Syabumi naye kaleta za kaka yake, zimelowa vilevile. Sasa mkono wa fundi hauwezi kutundika kitu bila kuhesabu. Za kaka yake Syabumi ni saba, na yule nilimsikia ukumbini kwa masikio yangu, alisema dakika tatu. Za mume wangu ni thelathini na moja. Alisema dakika mbili, akanyamaza. Hizi nyingine zote za nini?"

"Labda alisema polepole," Subilaga alijibu, na papo hapo akajionea aibu. Yeye ndiye fundi wa msimbo wa Nyumba ile, na hakuna aliyejua kuliko yeye kwamba polepole au haraka, sekunde moja ya sauti hula herufi zilezile.

Tangu jua lilipoanza kuchafuka, hakuna mashine iliyoaminiwa kutunza kitu. Dhoruba nne za jua katika miaka thelathini zilikuwa zimefuta kila hifadhi, picha za harusi na hati za mashamba pamoja. Karatasi haikufutika. Ndipo mji ukajifunza kuandika kila kitu kwa herufi: mashine inachukua baiti tatu za sauti, inazipanga kuwa biti ishirini na nne, inazigawa mafungu manne ya biti sita, na kila fungu linapewa alama moja kati ya alama sitini na nne, herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na vijialama viwili. Baiti tatu zikiingia, herufi nne zinatoka. Ukizitazama ni upuuzi mtupu, kama kuku kapita na miguu ya wino. Ukizirudisha mashineni, mtu anazungumza.

Programu ya kuzifunga sauti kuwa herufi ilikuwa ya marehemu mwalimu wake. Kuzifungua herufi kuwa sauti ilikuwa programu ya Subilaga mwenyewe, aliyoiandika kwa lugha ya C miaka kumi na tisa iliyopita, akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa na majivuno ya kutosha kijiji kizima.

"Niachie nizisome," alisema.

"Nitakaa hapahapa. Nimeshamwacha huyu mara moja, sirudii."

Jicho la mashine lilizipitia karatasi zote thelathini na moja. Subilaga aliiendesha programu yake, ikamaliza kazi kwa kufumba na kufumbua, ikampa baiti 6,112. Kwa vipande hamsini vya sauti kila sekunde, hizo ni dakika mbili na nukta chache. Kila kitu sawasawa na siku ya msiba.

Kisha akahesabu herufi. Zilikuwa 55,200, na mwisho wake alama moja ya usawa, ile inayowekwa fungu la mwisho likipungukiwa baiti moja. Akachukua kalamu. Herufi nne, baiti tatu, toa moja: 41,399. Akarudia hesabu nyuma ya bahasha. Akarudia tena.

"Umeona kitambaa?" Bi Atuganile aliuliza.

Subilaga alikuwa ameufungua msimbo wake wa zamani na kuushuka kwa kidole, mstari baada ya mstari, kama anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofeli. Kosa alilikuta karibu na chini kabisa, mahali ambapo sauti iliyokwisha kufunguliwa inakabidhiwa spika. Spika ilikuwa ikiuliza: nicheze baiti ngapi? Na yeye, msichana yule wa miaka ishirini na tisa, alikuwa ameijibu: strlen(sauti).

strlen ni mtumishi mwaminifu na mpumbavu. Unampa maandishi, anatembea herufi kwa herufi akihesabu, na akikutana na sifuri anasimama na kukwambia, bwana, mwisho ni hapa. Kwa maandishi hana kosa, kwa sababu katika lugha ile maandishi yote hufungwa kwa sifuri. Lakini sauti si maandishi. Mashine ya kurekodia ilikata sauti vipande vidogo, kila kipande ikakipa namba ya mlio wake, moja mpaka mia mbili hamsini na tano. Namba sifuri ilikuwa imetengewa kitu kimoja tu: kimya kamili, kinachodumu kupita muda wa pumzi moja.

Mtu akinyamaza katikati ya wasia wake, strlen ilimhesabu kuwa amemaliza.

"Lakini niliijaribu," alisema kwa sauti, na sauti yake ikamshangaza. "Niliijaribu wiki nzima, mama. Ilikuwa inafika mwisho kila mara."

"Uliijaribia wapi?"

Aliijaribia kwenye banda la zamani, kabla Nyumba haijajengwa, mwezi wa nne, mvua ikipiga bati mchana kutwa. Chini ya bati lile hakukuwa na kimya hata cha nukta moja. Mwaka wa kwanza wasia zote zilirekodiwa mle bandani, na watu walisema wafu wa mwaka ule walikuwa wapole. Baadaye kikajengwa chumba cha sauti, kuta za udongo mnene, mlango wa mbao mbili, humo ndani mtu unausikia moyo wako. Tangu hapo wafu wakawa wakali, na mji mzima, Subilaga mmojawapo, ukakubaliana kwamba mtu akiachwa peke yake ndipo husema ya moyoni.

Alinyanyua macho, akakuta Bi Atuganile anamtazama. Wote wawili walikuwa wamefika mahali pamoja kwa njia mbili.

Desturi ya mji ule haikuhitaji kuelezwa kwa mtu wa umri wao. Anayeaga dunia huanza kwa kutua mzigo: anataja aliyemkosea na alivyomkosea, bila kuficha. Kisha ananyamaza dakika nzima kuwakumbuka waliotangulia. Baada ya kimya ndipo anafungua mkono, anasamehe na kubariki. Zamani haya yalifanyika kitandani, ndugu wamezunguka. Sheria ya Sauti ilipokuja, ikaamuru kila mmoja aseme peke yake chumbani asije akashurutishwa, na sauti yake ichezwe mara moja tu ukumbini. Ikaamuru pia kwamba atakayetajwa bila kusamehewa avuke daraja, akaishi ng'ambo ya mto Mbaka, na mlango wake ufungwe na ndugu yake wa damu.

Watu mia mbili na kumi na wanne walikuwa wamevuka.

"Mume wangu alimtaja Tumpale," Bi Atuganile alisema polepole. "Binti yetu. Kwamba alimjibu vibaya mbele ya wakwe. Nimemfungia mlango mwenyewe, sasa ni miezi minne." Futi ilikuwa imemteleza shingoni, hakuiokota. "Cheza kilichobaki."

"Mama, sheria..."

"Sheria inasema mara moja. Hicho kilichobaki hakijachezwa hata mara moja. Cheza."

Subilaga alifuta neno lile moja, mahali pake akaweka urefu uliohesabiwa kutoka kwenye herufi zenyewe. Kosa lililopeleka watu mia mbili ng'ambo lilirekebishwa kwa muda wa kumenya ndizi, na hilo lilimwumiza kuliko kosa.

Sauti ya marehemu ikasema yale yaliyojulikana. Tumpale, wakwe, aibu. Akanyamaza. Spika ikanyamaza naye, ila taa yake ndogo ya kijani haikuzimika. Sifuri elfu tatu zilipita mle ndani, na wanawake wale wawili walizingoja bila kutazamana. Kisha mtu akakohoa.

"Haya," sauti ilisema. "Sasa Tumpale, mwanangu. Nimekutaja kwa sababu ni desturi kutaja. Lakini siku ile nilikuwa nimekunywa, na ulichonijibu kilikuwa kweli. Mama yako hajui kwamba nililia njia nzima kurudi nyumbani. Nimekusamehe, na wewe unisamehe. Mwambie mama yako ile cherehani ya mkono nilimpa..."

Aliendelea dakika kumi na kidogo. Alikuwa mtu wa maneno mengi, akaeleza habari za cherehani, za kisima, za mbegu za maharage, akawabariki mpaka wajukuu wasiozaliwa. Bi Atuganile alisikiliza mikono ikiwa mapajani, mdomo wazi, na machozi yalimtiririka bila yeye kufanya chochote kuyazuia. Marehemu alipomaliza, mkewe aliinama akaokota futi yake.

"Wangapi?" aliuliza.

"Sijui. Wote walionyamaza."

"Nani asiyenyamaza, mwanangu? Ni wale waliosahau adabu tu." Akasimama kwa kushika meza. "Kaka yake Syabumi alikuwa mlevi, hakujua hata desturi. Ndiyo maana alitoka mzima."

Subilaga alimwomba jambo moja, angoje mpaka Jumamosi, siku ya ukumbi. Bi Atuganile alifunga utepe wake mweusi akifikiri.

"Nitangoja mpaka Jumamosi. Ikipita nitasema mwenyewe. Na mimi bado sijafa, sihitaji mashine ya mtu."

*

Mzee Mwasandube, Mkuu wa Nyumba, alisikiliza habari yote akiwa amesimama dirishani, mgongo kwa Subilaga. Alikuwa mtu wa miaka sabini, mrefu, asiyepandisha sauti. Subilaga alipomaliza, mzee bado alikuwa akitazama mashamba ya chai.

"Neno moja," alisema hatimaye.

"Neno moja, mzee. Nililiandika mimi."

"Rekebisha."

"Nimesharekebisha."

"Vizuri. Kuanzia Jumamosi wafu watasamehe. Watu watamshukuru Mungu, watasema zama zimegeuka. Wewe na mimi tutafunga midomo." Akageuka, na Subilaga aliona kwamba uso wake ulikuwa umepauka kabisa. "Yule mama mshonaji nitamrudishia binti yake kimyakimya. Nitatafuta sababu."

"Na wale wengine?"

"Wengine sitini wamezikwa kulekule. Niende kwa wajukuu wao, niwaambie babu yenu alikufa mbali na moto wake kwa sababu fundi wetu alikosea kuhesabu? Maji yakimwagika hayazoleki, Subilaga."

"Mia moja na hamsini bado wako hai, mzee. Hao si maji."

Mzee Mwasandube aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo mmoja wa kizamani, akauweka kiganjani. "Mwanangu wa kwanza yuko kule. Baba yangu ndiye aliyemtaja. Mlango wake niliufunga mimi, kwa huu, na yeye amesimama uani ananitazama. Miaka kumi na mitano. Nimeweza kulala kwa sababu nilijua baba yangu alitaka hivyo." Akafumba kiganja juu ya ufunguo. "Unaniambia hakutaka?"

"Sijui alitaka nini. Ninajua tu kwamba hatukumsikiliza mpaka mwisho."

Mzee akauliza kwa upole, na upole ule ulikata zaidi. "Na mama yako je? Umemfungua?"

Hakuwa amemfungua. Karatasi za mama yake, zote kumi na mbili, zilikuwa sandukuni kwa miaka kumi na minane, na tangu asubuhi ile alikuwa amelipita sanduku lile mara tano bila kuligusa. Ukumbini mama yake alikuwa amesema: Ipyana hakuja nilipoumwa. Nilimtumia salamu mara tatu, hakuja. Kisha akanyamaza. Na Ipyana, mdogo wake Subilaga, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mitambo ya upepo milimani, alishuka akakuta mama amezikwa na jina lake limetajwa. Alirudia neno moja mpaka darajani, kwamba hakupata salamu. Hakuna aliyemwamini. Subilaga ndiye aliyefunga kufuli.

Ipyana alikuwa akisema kweli. Salamu zote tatu mama alimpa Subilaga azipeleke kituo cha simu za herufi, mwendo wa robo saa. Ya kwanza aliiweka mfukoni kwa sababu alikuwa na kazi. Ya pili pia. Ya tatu aliiandika vizuri, akasema kesho, na kesho ikazaa kesho mpaka mama akafa. Kazi iliyomshughulisha ilikuwa kuihamishia programu ile ya kufungua kwenye Nyumba mpya.

Subilaga alinyamaza ukumbini, alinyamaza darajani, na akanyamaza miaka kumi na minane. Kama mama alijua, na kama baada ya kimya chake alimtaja yeye, basi atakayevuka daraja ni Subilaga. Mficha maradhi, kilio humfichua, na hapa kilio kilikuwa kimekunjwa sandukuni kwake, karatasi kumi na mbili.

"Sijamfungua," alisema.

"Usimfungue," Mzee Mwasandube alisema. "Nakusihi kama baba. Rekebisha ya mbele. Ya nyuma tuachie udongo."

Na ukweli ni kwamba Subilaga alitaka kukubali. Alitaka sana. Alitoka ofisini mle akiwa amekubali nusu, na nusu hiyo ilimfanya ashindwe kula siku mbili.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa kama kawaida. Marehemu alikuwa Mzee Kajigili, mfuga nyuki, na kila mtu alijua atamtaja mpwa wake Ambilikile, aliyechoma mizinga kwa uzembe. Ambilikile mwenyewe alishajua. Alikaa karibu na mlango, amefungasha, godoro limekunjwa kwa kamba miguuni pake. Spika mbili zilielekezwa ndani, na ya tatu, kwa amri ya sheria, ilielekezwa mtoni, ili waliovuka nao wasikie hukumu zinavyoendelea.

Subilaga aliketi mbele, kwenye mashine. Nyuma yake alikuwa Mzee Mwasandube. Safu ya tatu alikuwa Bi Atuganile, futi shingoni, amemkazia macho.

Mzee Kajigili alitua mzigo wake. Mizinga kumi na minane, nyuki wa babu yake, Ambilikile na sigara yake. Kisha akanyamaza, na watu wakaanza kunyanyuka, wakikung'uta nguo, wakitafuta viatu. Ambilikile aliinua godoro akaliweka begani.

"Taa," mtoto mmoja alisema. "Taa bado inawaka."

Ilikuwa inawaka. Waliosimama wakabaki wamesimama, mmoja na kiatu mkononi. Hakuna aliyekumbuka kuiona taa ile ikiwaka bila sauti. Wazee wachache waliokumbuka maana ya kimya kile walianza kukaa chini, taratibu, kama watu waliosikia hatua za mgeni aliyedhaniwa amekufa. Dakika ilikwisha.

"Ambilikile," Mzee Kajigili alisema, "mizinga hutengenezwa. Wewe sitatengeneza mwingine. Nimekusamehe. Lala kwangu."

Godoro lilianguka. Ambilikile alikaa juu yake palepale mlangoni, akashika kichwa. Baadaye wanawake wakaanza vigelegele, vichache, vya kujaribu. Mtu akasema Kajigili alikuwa mtu mwema. Mwingine akasema kwa uchungu, si kama wetu.

Ndipo mwanamume mmoja wa safu ya nyuma, mpasua mbao aitwaye Gwakisa, akauliza bila kumwuliza mtu. "Kwa nini mama yangu hakumsamehe ndugu yangu? Kajigili alikuwa na moyo gani ambao mama hakuwa nao?"

Mkono wa Mzee Mwasandube uligusa bega la Subilaga. Haukumbana, uligusa tu, na ulikuwa wa baridi.

Subilaga alisimama. Akashika meza ya mashine.

"Alimsamehe," alisema. "Sijamsikia, lakini nadhani alimsamehe. Wenu wengi walisamehe. Mashine ilikuwa inawakata walipofika kwenye kimya. Haikuwa mashine, ni mimi. Niliandika kwamba kimya ni mwisho. Miaka kumi na minane tumewasikiliza wafu wetu nusu, tukafunga milango kwa nusu hiyo. Karatasi zenu ni nzima. Ziko masandukuni. Nendeni mkazilete."

Hakuna aliyekwenda. Walimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kutazamwa. Gwakisa alikuwa akitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa wala kwa kukubali.

"Kuwafukua wote?" mtu alinong'ona.

"Nitaanza na wangu," Subilaga alisema.

Alizitoa ndani ya khanga aliyojifunga kifuani, karatasi kumi na mbili zilizochakaa kwenye mikunjo. Alikuwa hajui kilichomo. Alilisha jicho la mashine karatasi moja moja, na kila moja aliona ni ya mwisho ambayo angeweza kuacha kuiweka. Mzee Mwasandube alikaa chini nyuma yake kwa kishindo, ufunguo umemtoka mkononi.

Sauti ya mama yake ilijaa ukumbini, na kwa spika ya tatu ikaenda mtoni. Ipyana hakuja nilipoumwa. Nilimtumia salamu mara tatu, hakuja.

Kimya.

Taa ya kijani iliendelea kuwaka. Subilaga alisimama akiwatazama watu, maana aliona ni haki wamwone. Alihesabu bila kutaka: hamsini, mia, mia na hamsini, sifuri zikipita moja moja mle alimokuwa ameziwekea ukuta. Bi Atuganile alikuwa amefumba macho. Elfu mbili. Elfu tatu. Mama yake alikuwa mtu wa adabu, aliwakumbuka waliotangulia mpaka wa mwisho.

"Ipyana," mama alisema, "hukupata salamu. Najua. Nilimpa Subilaga, na niliziona mfukoni mwa koti lake nilipokuwa nalifua."

Subilaga hakuinamisha kichwa.

"Nilikaa nikasubiri aniambie. Hakuniambia, na mimi sikumwuliza, kwa sababu alikuwa akifanya kazi mpaka anasinzia kwenye sahani, na niliona anachofanya ni kikubwa. Basi nimemtaja Ipyana ili Subilaga asikie, aone haya, aseme mwenyewe. Ni hila ya mama. Najua atasema kabla sijamaliza kimya changu. Wote wawili nimewasamehe. Ipyana, shuka milimani. Subilaga, mpikie."

Taa ikazimika.

Alidhani watamfokea, au watasema jina lake, au Mkuu atatangaza daraja. Yaliyotokea yalikuwa madogo. Gwakisa alivaa kofia yake akatoka, wala hakuelekea darajani, alielekea nyumbani kwake, akitembea haraka, kisha akikimbia. Akafuata mwanamke mmoja. Kisha benchi zima. Walikuwa wanakwenda masandukuni. Mzee Mwasandube alipita mwisho, akiinama kuokota ufunguo wake, na machozi yalimfanya aukose mara mbili.

Ukumbi ukabaki na Subilaga, Bi Atuganile, na Ambilikile juu ya godoro lake. Subilaga bado alikuwa amesimama, mikono kwenye meza, hajui aende wapi.

Kutoka ng'ambo ya mto, chini ya kelele za maji, mtu aliita. Ilikuwa sauti ya mwanamume, imezeeka, lakini jina aliloliita hakuna mwingine duniani aliyewahi kulitumia.

"Subi. Sikusikia vizuri. Rudia."

Sheria ilisema mara moja. Subilaga alifuta uso kwa khanga, akaketi, akazirudisha karatasi mashineni. Hakuanzia kwenye msamaha, aliona hana haki ya kumkata mama tena. Alianzia kwenye kimya, na wote watatu mle ndani, na yule mmoja ng'ambo, wakakingoja mpaka kikaisha.